Halafu Ikawaje?



Jumapili moja ya baridi kali, watoto wetu walipokuwa darasani wakisomeshwa Kurani, sisi wazazi, mabibi na mababu tulikaa katika ukumbi wa chini tukiwangojea, kama ilivyo ada yetu hapa Silver Spring. Chai ya tangawizi ilikuwapo, na visheti vilikuwapo. Mazungumzo yalianza na bei za nyumba na msongamano wa magari, yakaishia kwenye vitabu. Dada yetu mmoja aliyekulia Mombasa alitueleza ya kwamba amekisoma upya kitabu cha Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka mwaka 1980, ambacho zamani alikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani tu. "Nimekifunga," akasema, "nikabaki nacho mapajani kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Maimuna kaolewa na Kabi, vyema. Halafu ikawaje?"

Swali hilo liliuamsha ukumbi mzima. Ilidhihirika kwamba kila mmoja wetu anacho kitabu chake ambacho mwandishi alikifunga upesi mno, na ambacho laiti kingalikuwa na sehemu ya pili. Tumeona si vibaya kuyaandika hapa yaliyosemwa siku ile, pamoja na yale ambayo sisi wenyewe hatukuthubutu kuyasema.

Wanaoikumbuka Utengano watakumbuka kwamba Maimuna alilelewa kwa kufungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, hadi akatoroka, na mji ukammeza kabla hajapata mtu wa kumsitiri. Dada yetu hakutaka kujua habari za mapenzi ya Maimuna na mumewe. Alitaka kujua jambo moja tu: ikiwa Maimuna naye alijaaliwa binti, je, alimfungia kama alivyofungiwa yeye, au alimwachia mlango wazi? Wenye mabinti waliokuwapo pale walitazamana, na mmoja akaangalia saa kuona kama darasa limekwisha. Katika mji huu, ambako binti wa miaka 14 hupanda treni peke yake na simu mkononi, swali la Maimuna si la riwaya tena.

Bwana mmoja wa Unguja akataja Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999 na ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021. Humo yumo Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa. Alimkimbia, kisha akapendana na Denge, kijana aliyerejea kutoka masomoni Urusi akaingia katika harakati za kudai uhuru. Simulizi hiyo ni ya zama za ukoloni; haikufika Januari 1964. "Mimi nataka kujua," akasema yule bwana, "usiku ule wa Mapinduzi Yasmin alikuwa wapi." Hakuna aliyemjibu. Adam Shafi amekwisha kuyaandika Mapinduzi katika Kasri ya Mwinyi Fuad, mwaka 1978, lakini katika kasri ile Yasmin hayumo. Katika ukumbi wetu walikuwamo watu ambao jamaa zao waliondoka usiku ule au baada yake, na wengine ambao jamaa zao walishangilia. Twanywa chai pamoja, na mwisho wa hadithi hiyo hatujapata kusimuliana.

Mzee wetu mmoja hakukubaliana na mwenendo wa mazungumzo. Alisema hadithi ni kama mgeni: siku mbili mkirimu, siku ya tatu mpe jembe. Kitabu kikisema lililokileta, adabu ni kukiachia kiende zake. Asiyetosheka, akasema, anaye Bwana Msa. Ni kweli kwamba marehemu Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale wa mwaka 1960 hadi Kosa la Bwana Msa la mwaka 1984, hakutunyima mikasa. Lakini tulimjibu mzee wetu kwa heshima kwamba mfululizo ni jambo moja, na sehemu ya pili ni jambo jingine. Bwana Msa wa kitabu cha mwisho, na kiko chake mdomoni na Najum ubavuni, ni yule yule wa kitabu cha kwanza. Amepewa fumbo jipya. Hakupewa maisha mapya. Mfululizo hukuletea mkasa mwingine. Sehemu ya pili hukuletea matokeo: nani alilipa, nani alisamehewa, nani alirudi nyumbani akakuta kufuli.

Mfano wa matokeo ya namna hiyo tunao, tena umetoka kwetu. Mwaka 1994 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja anayeishi Uingereza, alitoa riwaya yake Paradise. Ndani yake mna kijana aitwaye Yusuf, ambaye baba yake alimtoa rehani kwa tajiri kwa ajili ya deni. Mwishoni Wajerumani wanapita na askari wao, na Yusuf anakimbia kuwafuata. Kitabu kinakomea hapo, na kijana yu mbioni. Wengi tuliokisoma tulikaa miaka mingi tukijiuliza kama alifika, na kama alifika, alifika kwa nani.

Miaka 26 baadaye, mwaka 2020, Gurnah alitoa Afterlives. Juu ya jalada hapakuandikwa kwamba ni sehemu ya pili, wala kijana wa humo haitwi Yusuf, anaitwa Hamza. Lakini Hamza naye alitolewa kwa tajiri kwa ajili ya deni, naye alijitia katika jeshi la Wajerumani. Anapigana vita vya watu wengine, anarudi na jeraha kwenye mji wa pwani, anatafuta kazi, anaoa. Msomaji wa kitabu cha kwanza hana haja ya kuambiwa. Mwaka uliofuata, 2021, Gurnah alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka 2022 Paradise ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Anayetaka kuanza, na aanze na Peponi kwa lugha yake mwenyewe.

Hata hivyo, haifai tuwafiche wasomaji upande wa pili wa jambo hili. Huku Marekani, kitabu cha Harper Lee kiitwacho To Kill a Mockingbird, cha mwaka 1960, kimesomeshwa mashuleni kwa miaka mingi, na watoto wetu wengi wamekisoma humo. Wamempenda wakili Atticus Finch, Mzungu aliyemtetea mtu mweusi mahakamani. Mwaka 2015, baada ya miaka 55, kikachapishwa Go Set a Watchman, ambacho mwandishi alikuwa amekiandika kabla ya kile cha kwanza. Humo yule binti mdogo amekuwa mtu mzima, amerudi kwao, na anamkuta baba yake amekaa katika mkutano wa watu wasiotaka weusi na weupe wachanganyike. Wasomaji wengi waliumia. Walikuwa wameomba kwa muda mrefu wajue ikawaje, nao walipojua wakatamani wasingalijua. Basi anayeomba sehemu ya pili na aombe akijua kwamba huenda akampoteza mtu aliyempenda katika sehemu ya kwanza.

Siku ile sisi hatukutaja kitabu. Tulijisingizia kuwa tunawamiminia watu chai. Kitabu tulichokuwa nacho moyoni si riwaya. Ni kumbukumbu za Bibi Salme binti Said.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko mwaka 1867 alibatizwa, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, na wakaenda kuishi Hamburg. Katika jambo la dini yake hatumhukumu. Hukumu ni ya Mola wake. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na gari la reli la mjini akafa, naye akabaki na watoto watatu wadogo, katika nchi ambayo hakuizoea baridi yake wala desturi zake. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake Berlin kwa Kijerumani, akieleza kwamba aliziandika kwa ajili ya wanawe, wapate kujua mama yao ametoka wapi.

Anayekisoma kitabu hicho hukutana na Mtoni yote: farasi, mabaraza, Idi, ndugu na fitina zao. Lakini Ujerumani, ambako alikuwa ameishi karibu miaka 20 alipokitoa, imepewa nafasi finyu mno. Msomaji anafika mwisho akiuliza: mama huyu aliishije? Jibu lilikuwapo. Alikuwa ameliandika katika barua ndefu zilizoelekezwa kwa rafiki wa nyumbani, na humo ameeleza upweke, ujane, uhaba wa fedha na aibu ya kutojua mambo ambayo kila mtu barabarani anayajua. Lakini barua hizo hazikuchapishwa maishani mwake. Alifariki mwaka 1924. Zilitoka mwaka 1993, pamoja na nyongeza ya kumbukumbu zake, katika kitabu kilichohaririwa na E. van Donzel wa Uholanzi. Kati ya sehemu ya kwanza na ya pili ilipita miaka 107. Wale wana aliowaandikia hakuna hata mmoja aliyekuwa hai kukiona kitabu hicho.

Tulipokisoma kwa mara ya kwanza tulikifunga upesi, kwa sababu tulijiona humo.

Tangu tustaafu ualimu tumekuwa tukiandika katika daftari kubwa la kaunta habari za utoto wetu, ili mjukuu wetu, mwenye umri wa miaka 11, apate kuzisoma. Tumeandika habari za visima vya Ng'ambo, za chuo cha Kurani na bakora ya mwalimu, za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na foleni za sukari. Mjukuu huzisoma polepole, kwa kidole, akiuliza maneno. Yeye ni mtoto wa vitabu vya mfululizo. Vile saba vya Harry Potter alivimaliza kabla hatujajua kwamba ameanza. Majira ya kiangazi alifika ukurasa wa mwisho wa daftari letu, ambapo mwaka 1993 mama yetu anatuaga katika uwanja wa ndege wa Kisauni na kanga yake anatuvisha mabegani. Akageuza ukurasa. Ulikuwa mweupe. "Bibi," akasema, "halafu?"

Tulimwambia kwamba hadithi imekwisha. Lakini haikuwa imekwisha, tulikuwa tumeificha.

Ukweli ni huu. Miaka kumi na kitu ya mwanzo katika nchi hii hatukufundisha. Vyeti vyetu havikutambuliwa, na tulifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, upande huu wa Maryland. Tuliwageuza wagonjwa vitandani, tuliwaosha, tuliwabadilisha nguo. Ni katika zile kazi ambazo vijana wa nyumbani huziita kubeba maboksi. Ilikuwa kazi ya halali, na wazee wale wengine walitupenda. Lakini katika barua tulizomwandikia mama tulisema tunafundisha. Tulikwenda siku moja kwenye ngazi za chuo kikuu kimoja hapa mjini, tukashika vitabu, tukapigwa picha, tukaituma. Mama aliitundika ukumbini. Alifariki mwaka 2004, na sisi hatukuweza kwenda kumzika, kwa kuwa makaratasi yetu yalikuwa hayajakamilika. Tuliambiwa kwa simu kwamba waliokuja hitimani walimwita mama wa mwalimu wa Marekani. Miaka miwili baadaye, baada ya kusoma upya na kufanya mitihani, tukapata leseni ya kufundisha, na tukafundisha hadi tukastaafu. Uwongo ule ukawa kweli. Aliyeambiwa hakuwapo.

Tunaamini hatuko peke yetu. Wangapi kati yetu tumewasimulia watoto sehemu ya kwanza, yenye minazi na bahari na heshima za wazee, tena tukaipamba, kisha tukairukia sehemu ya tatu, ambayo ni nyumba hii yenye zulia na gari mlangoni? Ile ya kati, ya chumba kimoja walalamo watu sita, ya kusafisha ofisi usiku, ya bwana aliyekuwa karani mkuu akaja kulinda maegesho ya magari, hatuisemi. Mtoto anaona pande mbili zisizoungana. Anadhani tulishuka kwenye ndege tukiwa hivi tulivyo. Siku yeye atakapoanguka katika mtihani au kazini, atadhani kwamba katika ukoo wake ni yeye wa kwanza kuanguka.

Watakaouliza kama inafaa kujianika hadharani, tunawakumbusha hadithi ambayo watoto wetu wanaihifadhi katika chumba kile cha juu. Sura ya Yusuf, ya 12 katika Msahafu, ina aya 111, na kisa chake kimesimuliwa humo kwa mfululizo, tangu ndoto ya utotoni hadi ndoto ilipotimia. Ingaliweza kukoma pale kijana alipouzwa ugenini, kama vile Yusuf wa Gurnah anavyoachwa mbioni. Haikukoma. Inampeleka kwenye nyumba ya mwenyeji wake, kwenye fitina, kwenye gereza, kwenye cheo, hata wazazi wake wanapoingia Misri. Na hapo, mbele ya baba yake na ndugu zake, Nabii Yusuf (A.S.) analitaja gereza kwa jina lake, na kulihesabu kutolewa humo kuwa ni katika wema aliotendewa na Mola wake. Wafasiri wametuonyesha jambo jingine: alilitaja gereza, lakini hakukitaja kisima, ambamo ndugu zake walimtupa, ili asiwatie haya.

Tumeifanya hiyo kuwa kanuni yetu. Gereza letu tutalitaja. Visima walivyotutupa wengine tutaviacha, maana humo mna aibu za watu ambao tungali tunasalimiana nao.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, alituandikia Maisha Yangu, na baadaye akaongeza Baada ya Miaka Hamsini, na siku hizi sehemu hizo mbili husomwa katika kitabu kimoja. Alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53. Fikirini, ndugu zangu, kama angaliahirisha.

Basi tuna maombi mawili. La kwanza, tuvisome vitabu vyetu. Hapa mjini, katika Maktaba ya Bunge la Marekani, jumba la Thomas Jefferson, kipo chumba cha kusomea cha Afrika na Mashariki ya Kati. Maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya vitabu vya Afrika Mashariki, vya Kiswahili vikiwamo. Kadi ya msomaji hutolewa bure kwa kila aliyetimiza miaka 16. Vitabu husomewa humo humo, havitoki nje, lakini chumba ni kizuri, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Vijana wakubwa wapelekwe.

La pili, kila nyumba na iandike kurasa mbili za ile sehemu ya kati. Iwe kwa Kiswahili, au kwa Kiingereza ikiwa ndiyo lugha watakayoisoma watoto. Bibi Salme aliandika kwa lugha ya wanawe, na hatuoni kwamba alikosea. Iwe kwa mkono, hapana neno. Si lazima mlete kwenye jarida hili. Wekeni ndani ya Msahafu wa nyumbani, au mpeni mtoto mkubwa. Watakaopenda zichapishwe wazitie katika bahasha, wampe mmoja wa wahariri baada ya sala ya Ijumaa, nasi tutaficha majina.

Sisi tumekwisha kuanza. Wiki mbili zilizopita tulimpa mjukuu wetu ukurasa wa kwanza baada ya Kisauni, wenye habari za nyumba ya wazee, za barua na za ile picha. Aliusoma kwa kidole kama kawaida yake. Alipofika mwisho alikaa kimya muda mrefu, tukaogopa kwamba tumempotezea bibi yake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mama yako hakujua mpaka akafa?" Tukamwambia hakujua. Akauliza kama picha ile ipo bado. Ipo, kwa dada yetu, Unguja. Akasema anataka kuiona.

Tumeandika nyumbani iletwe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.